Mzee kiziwi akianza kusahau, programu yako itamfaa nini?

Majuzi kijana mmoja anayesomea kompyuta chuo kikuu aliniandikia barua pepe ndefu. Yeye na wenzake wanataka kuunda programu ya simu itakayotumia kamera kusoma ishara za wazee viziwi na kutambua kama wameanza kupata dimenshia, yaani yale maradhi ya ubongo yanayomfanya mtu asahau, apotee njia, na hatimaye ashindwe kujihudumia. Wameshachagua mitaa ya majaribio: Kibera na Kawangware. Nembo wameshaichora! Kwangu walitaka mkono katika kuandika msimbo.

Nimemjibu kwamba sitaandika, angalau si sasa. Na kwa kuwa maswali ya aina hii huniijia kila baada ya mashindano ya ubunifu, jibu refu naliweka hapa.

Kwa kifupi, shida si kamera. Hata ukiwa na kamera inayosoma kila kidole, utaipa kipimo gani? Vipimo vya kusahau vinavyotumika katika zahanati na hospitali zetu vilitungwa kwa ajili ya watu wanaosikia. Ukikichukua kipimo kama hicho, ukakitafsiri kwa ishara na kukitia ndani ya simu, utakuwa umelifanya kosa la zamani liende kwa kasi zaidi.

Hebu tuangalie kipimo chenyewe. Kinachojulikana zaidi duniani kilichapishwa 1975 na Folstein na wenzake huko Marekani, na kina alama 30. Unaulizwa leo ni siku gani, uko wapi, unaambiwa maneno matatu uyakumbuke baadaye, unahesabu kurudi nyuma kwa saba saba, unarudia msemo fulani wa Kiingereza usio na maana kubwa ila ni mgumu kutamka, unaonyeshwa saa na penseli uvitaje, unaandika sentensi. Ukikosa sana, daktari anaanza kukutilia shaka. (Tangu 2001 kampuni moja ya Marekani ndiyo inayouza leseni yake. Nyinyi mnaopenda programu huria mnajua ninavyojisikia kuhusu hilo.)

Sasa mpe kiziwi. Kurudia msemo mgumu kutamka? Ugumu wake uko mdomoni na sikioni, hauko mkononi. Kutaja saa? Katika lugha nyingi za ishara unaitaja saa kwa kugusa kifundo cha mkono, pale pale saa inapovaliwa, kwa hivyo jibu na kuonyesha kitu vinakuwa jambo moja. Kuandika sentensi? Kiswahili au Kiingereza cha kuandikwa ni lugha ya pili kwa kiziwi, na kwa wengi wa umri huo ni lugha ambayo hawakufundishwa vizuri hata kidogo.

Halafu kuna jambo lililonishangaza zaidi niliposoma habari hizi. Mtu anayesikia akitajiwa orodha ya tarakimu au herufi, kwa wastani anaweza kushika kama saba kwa mpangilio wake. Mwaka 2004 jarida la Nature Neuroscience lilitoa utafiti wa Boutla na wenzake ulioonyesha kwamba watumiaji wa lugha ya ishara ya Marekani, watu wazima wenye akili timamu kabisa, hushika kama tano. Haimaanishi kumbukumbu yao ni dhaifu. Sauti ina uwezo wa pekee wa kushikilia mpangilio. Unajirudia kichwani kama mtu anayekariri namba ya simu. Macho na mikono hufanya kazi kwa njia nyingine. Kwa hivyo ukitumia kiwango cha wanaosikia, utamwambia mwanamke kiziwi mzima kwamba ubongo wake umeanza kuharibika.

Kwa lugha yetu sisi watu wa kompyuta: faili limeandikwa kwa UTF-8, wewe umelifungua kwa mfumo mwingine wa herufi, skrini imejaa alama za kuuliza na takataka, na unasema faili limeharibika. Faili halina neno.

Na hapo bado sijataja historia. Mtu mwenye miaka 75 leo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shule za kwanza za viziwi nchini, za Nyangoma na Mumias, zilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ziliwachukua watoto wachache mno. Waliobahatika kuingia darasani walilazimishwa kusoma midomo na kutamka. Kutumia mikono ilikuwa utovu wa nidhamu. Serikali ilianza kukubali ishara darasani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mzee wetu huyo alikuwa ameshakuwa na watoto. Lugha yake huenda ni mchanganyiko wa ishara za nyumbani, ishara alizookota kazini Industrial Area, na ishara za kanisani. Mkalimani wa miaka 25 aliyesomea Lugha ya Ishara ya Kenya mjini atamwelewa kwa shida, na shida hiyo itaandikwa kwenye faili la mgonjwa.

Nikiwa bado hapo kwa mkalimani, niwape kisa cha Kawangware. Karibu na steji ya 46 kuna mzee kiziwi, fundi wa viatu, ambaye amenishonea viatu tangu nilipohamia upande huo. Mwaka uliopita alianza kuwapa watu viatu visivyo vyao. Halafu akaanza kudai pesa mara mbili. Wateja walisema amekuwa mjanja. Wengine walisema amerogwa. Binti yake, ambaye anasikia na amekuwa mdomo wa baba yake tangu akiwa na miaka sita, alimpeleka kwa daktari. Daktari aliuliza maswali yale yale niliyoyataja, binti akatafsiri. Mzee alipata alama nzuri, wakaambiwa ni uzee tu.

Nilimwuliza binti ilikuwaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ndugu yangu, daktari aliuliza leo ni siku gani. Mzee akasema Ijumaa ya mvua. Ilikuwa Jumanne, na jua lilikuwa linawaka. Nikasema Jumanne. Ningefanyaje? Ni babangu."

Simlaumu hata kidogo. Na msidhani mkalimani wa kulipwa angetatua yote. Kazi ya mkalimani mzuri ni kuchukua maneno yaliyovurugika na kuyapanga yaeleweke. Mtu akikosea ishara, akiirusha mahali pasipo pake, akiacha uso wake bila swali pale panapotakiwa swali, mkalimani anayarekebisha bila hata kufikiri na kumpa daktari sentensi safi ya Kiswahili. Lakini katika dimenshia ule mvurugiko ndio habari yenyewe! Tangu miaka ya 1980 utafiti wa Poizner, Klima na Bellugi ulionyesha kwamba lugha ya ishara inakaa upande wa kushoto wa ubongo kama lugha ya sauti, na ubongo ukiumia ishara nazo zinavunjika kwa namna zake. Daktari hatauona mvunjiko huo kama katikati kuna mtu anayeusafisha. Ni sawa na kutafuta hitilafu katika programu inayofuta makosa yake yote kimya kimya kabla hujayasoma.

Kwa hivyo anayepima inabidi awe anajua ishara yeye mwenyewe, na afadhali awe kiziwi.

Hii si ndoto. Uingereza walifanya. Mwaka 2015 Joanna Atkinson na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walichapisha kipimo kilichotungwa moja kwa moja katika lugha ya ishara ya Uingereza. Hawakutafsiri. Maswali yote yameashiriwa kwenye video, ili kila mtu aulizwe kwa namna ile ile, na kwanza waliwapima viziwi wazima zaidi ya 200 wenye umri wa miaka 50 hadi 89 ili wajue mzee kiziwi asiye na ugonjwa hupata alama ngapi. Hilo la mwisho ndilo jambo la maana kupita yote. Bila kujua aliye mzima anapata ngapi, huwezi kusema mgonjwa amepungukiwa.

Mnaona teknolojia iliyotumika? Video. Video tu.

Bahati mbaya hatuwezi kuiagiza kama ilivyo, kwa sababu ishara za London si ishara za Nairobi. Karibu nasi kuna kazi nyingine nzuri, ya wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Huko watafiti waligundua kwamba watu wapatao 6.4 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimenshia (ilichapishwa 2013), na baadaye wakatengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa wazee ambao hawakwenda shule. Humo kuna swali la kupanga njiti za kiberiti kufuata mchoro. Njiti hazihitaji kusoma wala kusikia, zile tunaweza kuzichukua hata kesho. Lakini kuna swali pia linalosema, "Daraja ni nini?" Katika lugha nyingi za ishara, ishara ya daraja inachora daraja lenyewe hewani. Umeshampa jibu. Hata kipimo cha jirani yetu, kilichotungwa kwa huruma na akili, kinakwama mlangoni pa kiziwi.

Sasa turudi kwa vifaa, maana najua wengine mnaguna. Glavu za Sign-IO za Roy Allela, zile zinazosoma vidole na kutamka kwa sauti kupitia simu, ziliandikwa sana magazetini mwaka 2019. Terp 360 ya Elly Savatia, inayogeuza sauti kuwa ishara za mtu wa katuni, ilipata Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi mwaka 2025. Nafurahi kwamba ni Wakenya wenzetu, na kwa benki, matangazo, au dirisha la ofisi ya serikali naona faida. Lakini glavu haioni nyusi, na nyusi ndizo zinazobeba swali. Naye mtu wa katuni haoni kama mzee amemwelewa au ameduwaa tu. Mtu anayepotelewa na kumbukumbu anahitaji wa kumtazama machoni, arudie polepole, abadilishe ishara, acheke naye. Vifaa vyote viwili vilibuniwa kuvusha maneno kati ya anayesikia na asiyesikia. Hapa jambo linalotakiwa ni viziwi wawili kuelewana, na hilo halina haja ya daraja lolote.

Kuna jambo moja la mitaani ambalo sijaona likiandikwa na wabunifu wetu, nalo ni giza. Jioni watu wengi wenye dimenshia huchanganyikiwa zaidi. Katika nyumba ya mabati Kibera, tokeni za stima zikiisha au nyaya zikikatwa, mzee anayesikia bado ataisikia sauti ya mkewe: tulia baba, niko hapa. Mzee kiziwi anabaki bila lugha mpaka asubuhi. Anaogopa, anatoka nje. Nje kuna vichochoro, mitaro, bodaboda, na reli inayopita katikati ya mtaa. Ukimwita hageuki. Ukipiga honi hageuki. Kwa hivyo ukiniuliza kifaa cha kwanza cha mawasiliano kwa mzee wa aina hiyo, nitakwambia ni taa ya kuchaji iliyoning'inizwa mahali ambapo mikono na uso wa mkewe vinaonekana. Haina programu. Samahani.

Na msiseme "arudishwe ushago." Kwa mzee anayesikia, ushago ni mahali pa kupumzika, kuna ndugu na simulizi. Kwa kiziwi aliyeishi Nairobi miaka 40, lugha yake iko hapa: kwenye ibada ya Jumapili ya viziwi, kwa mafundi wenzake, kwa mama mboga aliyejifunza ishara kumi za bei. Kule anakokwenda huenda hakuna hata mmoja anayejua ishara. Kumhamisha ni kumnyamazisha, na kunyamazishwa hakuusaidii ubongo unaochakaa.

Wapo watakaouliza ni wazee wangapi hasa. Swali la haki, ingawa kwa Kibera hesabu zina vituko vyake. Miaka mingi dunia nzima iliambiwa wanaishi watu milioni moja au zaidi, sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya zaidi ya 150,000 wenye shida kubwa ya kusikia, lakini haikuwatenganisha bibi aliyeanza kupoteza masikio akiwa na miaka 80 na mtu aliyezaliwa kiziwi. (Mkumbuke tofauti hiyo pia mkisoma kwamba kupoteza usikivu kunaongeza hatari ya dimenshia, kama ripoti ya Lancet ya 2024 inavyosema. Hiyo inahusu hasa watu waliokuwa wakisikia wakaacha kusikia utu uzimani, si waliokua na ishara.) Nitakubali kwamba wazee viziwi wenye dimenshia katika mitaa hii miwili ni wachache. Basi gharama nayo ni chache! Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kama mbunge anaweza kuipata, fundi wa viatu naye aipate pale anapoulizwa leo ni siku gani.

Mfano wa jinsi ya kufanya tunao, tena miwili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Liverpool VCT, ambalo leo linaitwa LVCT Health, lilianzisha vituo vya ushauri na upimaji wa Ukimwi ambapo washauri wenyewe ni viziwi. Hawakuweka mkalimani chumbani kusikia siri za watu. Waliwafunza viziwi kazi. Na mwaka 2009 Map Kibera iliwapa vijana wa mtaa vifaa vya GPS, wakachora mtaa ambao kwenye ramani za mtandaoni ulikuwa karibu mtupu, na data ikawa wazi kwa wote kupitia OpenStreetMap. Unganisha hiyo miwili. Viziwi wa Kibera na Kawangware wafunzwe kupima, waanze na wazee wazima ili tupate kiwango chetu, maswali yaashiriwe kwenye video na kiziwi mzee mwenye ishara za kizamani, na kipimo kitolewe huria bila leseni ya kununua. Familia zitakazopata majibu mabaya nazo zisiachwe hewani: shirika lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga, Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, limekuwa likiwakutanisha wanaouguza, na mkutano wa namna hiyo kwa ishara unahitaji ukumbi, viti vya duara na mwanga wa kutosha.

Hapo ndipo programu inapata kazi yake ndogo, na hiyo nitaiandika kwa furaha. Icheze video bila intaneti kwenye simu kuukuu. Ukibana video ya ishara, punguza ukubwa wa picha lakini usiguse idadi ya fremu. Fremu 25 kwa sekunde katika picha ndogo zinasomeka vizuri, ila picha kubwa nzuri yenye fremu 10 inageuza vidole kuwa ukungu. Kwa ukubwa mdogo hivyo dakika moja ni kama MB 2 au 3, inabebeka hata bila bando. Irekodi majibu ili kiziwi mwingine ayatazame upya. Na hapa pana mtego ambao vijana wa barua pepe hawakuufikiria: video ya ishara huwezi kuificha sura. Uso ni sarufi, ukiuziba umefuta nusu ya sentensi. Kwa hivyo hakuna cha kupakia kwenye seva ya mbali na kusema tumeondoa majina. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 habari za afya ni data nyeti. Rekodi zikae kwenye simu, zifungwe kwa nywila, zifutwe baada ya alama kuandikwa. Ridhaa nayo itolewe kwa ishara, si kwa kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Mitaa hii imechoka na watu wanaokuja, wanachukua, wanapotea.

Nimeanza na kipande cha kucheza na kubana video, kinafanya kazi kwenye simu ya miaka minane iliyopasuka kioo. Ninachokosa ni watu. Kama wewe ni kiziwi mwenye umri uliosogea, au mtoto wa wazazi viziwi wa upande wa Kibera, Kawangware, Riruta au hata mbali zaidi, niandikie. Ukipenda tuma video. Ishara zangu ni za darasa la kwanza, nitairudia mara tano tano, lakini nitajibu.